Tano ya Mwisho

Gorky, Februari. Volga imeganda hadi malori yanapita juu yake.
Ghorofa ya tatu, wanawake wawili na mashine mbili za kukokotoa,
kila moja ina mkono wa chuma wa kuzungusha:
vinu vya kusaga namba.

Kazi yenyewe ni nguzo.
Nguzo ya chuma, wima, mzigo utosini.
Profesa Vikenti Arsenyevich kaigeuza milinganyo miwili,
mmoja wa mahali ilipo, mmoja wa mwendo wake,
akaandika ubaoni: Ongezeni mzigo kidogo kidogo.
Niambieni inapochoka kusimama.

Mzigo mdogo: isukume, inarudi.
Safu sita za tarakimu na sifuri imetulia
kama maji mtungini.
Ongeza. Safu kumi na tisa.
Ongeza tena. Arobaini na tatu,
na Faina Luzgina anapuliza vidole, anasema,
"Inarudi bado, ila kama mtu aliyeitwa mara tatu."
Safu mia mbili na nane.
Karatasi ikaisha.

Jioni hiyo Nuriya alimuuliza mumewe kama supu ina chumvi.
Akajikuta anahesabu.
Zamani jibu lilifika kabla kijiko hakijatua.

Jumatatu wakavuka.
Mzigo ule ule, mwanzo ule ule, jirani kabisa na sifuri,
kila mmoja kwa mashine yake, pasipo kuchunguliana.
Saa kumi wakaweka karatasi mezani.
Ya Faina: nguzo imepinda kulia.
Ya Nuriya: nguzo imepinda kushoto.
Kiasi kile kile, hadi desimali ya tano.

"Mmoja wenu amekosea," alisema Profesa, kwa upole,
na upole wake ukawanyima usingizi.

Siku tatu walirudia, safu kwa safu, kidole juu ya kidole.
Hakuna kosa.
Ndipo, safu ya thelathini na moja, mahali pa saba baada ya nukta,
wakaikuta: tano.
Tano tupu, nyuma yake hakuna kitu.
Faina alifundishwa Saratov: tano hupanda, daima.
Nuriya alifundishwa na mjomba wake, karani wa ghala Kazan:
tano huelekea namba shufwa iliyo karibu, ili ghala lisijidanganye.
Huyu akaandika tatu. Huyu akaandika mbili.
Chuma chote kile, tani zote zile,
kikafuata mjomba wa mtu.

Fisi wa methali alipasuka kwa kuzitaka njia zote mbili.
Namba haina pua, hainusi nyama;
ikifika panda inaegemea
popote vumbi lilipoegemea.

Profesa hakucheka.
Alichukua rula ya chuma, akaisimamisha mezani,
akaikandamiza kwa kiganja.
Ikakaa. Ikakaa. Ikaruka kushoto.
Akainyoosha, akakandamiza tena: kushoto.
Mara ya tatu, kulia, na Faina akapiga kofi moja,
kisha akaona haya.

"Na ile iliyonyooka?" Nuriya aliuliza. "Imefutika?"
"Haijafutika. Weka sifuri katika mlinganyo, utakubali,
kwa mzigo wowote. Ni jibu halali.
Ila halikaliki."

Wakachora grafu ya jarida:
mstari mmoja, kisha matawi mawili yakijikunja mbali,
na katikati, ukiendelea mbele, wa nukta nukta,
ule usiokalika.

Jarida lilitoka Septemba.
Mpiga chapa alidhani nukta ni uchafu wa wino,
akazisafisha.

Nuriya aliipokea nakala yake kwenye chumba alichopanga peke yake,
dirisha likitazama ghala la makaa.
Akachonga penseli.
Akazirudisha, moja moja, polepole,
toka panda hadi ukingo wa karatasi,
na ukingo ulipoisha
akaongeza mbili juu ya meza.